Kipimo cha Mtu Aliyekaa

Gombani, Chake Chake
14 Januari 2024

Kwa dada yangu Rahila,

Assalaam alaykum warahmatullah. Barua hii inatoka kwa watu wazima wa afya, isipokuwa Mama anayesema ile dawa ya goti uliyompelekea imekwisha. Chupa bado ina nusu, lakini nimwambie nini. Ruweida ameingia darasa la tatu. Pacha wanatembea, kila mmoja na upande wake, na wifi yako Shatha akirudi kusomesha skuli huikuta nyumba imepinduliwa. Ami Haroub yuko palepale Mgogoni na kikohozi chake, anakusalimu.

Naandika kwa sababu simu ya nyumba hii haina siri. Masikio ya Mama yamepungua nguvu, kila anayepiga lazima awekwe spika, na kila neno analidaka. Bi Duni anakuja huko Dubai kununua nguo za biashara, barua nimempa yeye.

Jambo lenyewe ni gari. Kile kigari alichotuachia Baba kimetushinda. Tuko sita. Mama akikaa mbele, Shatha na watoto watatu wanabanana nyuma, na mimi unanijua. Kichwa changu kimeshatoboa kitambaa cha darini. Magoti yanakaa huku na huku ya usukani. Unakumbuka suruali za Baba zilivyokuwa na viraka magotini, watu wakidhani ni kwa wingi wa sala? Sasa na mimi ninavyo.

Shemeji Muntasir anafanya kazi kwenye yadi ya magari ya usukani wa kulia. Naomba mnitafutie gari ya juu, ya viti saba, ambayo mtu wa kimo changu anaweza kuiendesha bila ya kujikunja. Karafuu zimetutendea wema msimu huu, fedha zisikutie wasiwasi.

Rangi yoyote isipokuwa nyeupe.

Ndugu yako,
Hamdan


Dubai
11 Februari 2024

Mdogo wangu Hamdan,

Waalaykumu salaam. Bi Duni amenifikishia barua ikiwa na harufu ya karafuu na samli, maana ndivyo alivyoipakia. Tumeisoma mimi na Muntasir tukacheka kwa zile suruali za Baba, kisha mimi nikalia kidogo. Wanangu wazima. Baridi ya huku ni ya kujitia shali tu. Dawa ya Mama naituma, mwambie ile nusu aimalize kwanza.

Sasa gari. Muntasir anasema watu warefu hudanganywa na macho. Wanaona gari kubwa kwa nje, wananunua, wakiingia ndani kichwa kinagonga. Gari yenye dirisha la darini usiitake, lile dirisha linakula upana wa vidole vinne juu ya kichwa. Usukani uwe wa kuvutika kumfuata dereva, na siyo wa kupanda na kushuka tu. Kiti kiwe kinarudi nyuma sana, na kikirudi, aliye nyuma yake abakiwe na pa kuweka magoti. Hapo ndipo nyingi zinaposhindwa. Kila mtu huko kwetu anataka Prado kwa ajili ya kuonekana, lakini wewe hununui ya kuonekana.

Kwa hiyo tunataka vipimo vyako. Utatupa urefu wote, kisigino hadi utosi, halafu mguu, halafu mkono. Ukisimama unajiinamia, tabia yako tangu skuli, kwa hiyo ulale chali sakafuni, unyooke, Shatha akupime kwa kamba. Mkate hiyo kamba mumpe mtu ailete. Muntasir ataingia nayo ndani ya kila gari.

Na nyeupe ina nini? Ndiyo nyingi kuliko zote, na ndiyo isiyoshika joto.

Dada yako,
Rahila


Gombani
22 Machi 2024

Dada Rahila,

Ramadhani karim. Funga inakwenda vizuri. Ruweida amefunga siku mbili nzima na moja ya nusu, anaihesabu nzima. Mama hafungi kwa sababu ya sukari na anakasirika akikatazwa. Mvua zimeanza mapema na njia ya Mgogoni imekuwa tope tupu, sijakwenda kumtazama Ami siku nyingi.

Ahsanteni kwa maelezo. Lile la dirisha la darini sikulijua. Nimeuliza hapa mjini, nikaambiwa pia nitazame gari inavyokaa juu ya barabara, maana mabonde ya kwetu unayajua, na viti vya nyuma viwe vya kulazwa.

Kamba nitaleta. Mwezi huu mtu hana nguvu za kulalalala sakafuni.

Rangi ya kijivu ni nzuri.

Hamdan


Dubai
28 Aprili 2024

Hamdan,

Idi imepita na kamba yako haijafika. Tumeswali, tumekula, watoto wamepewa idi yao. Hizo ndizo habari za huku, sina salamu ndefu leo kwa sababu nimekasirika.

Nimekupigia mara tatu. Kila nikitaja kipimo, mara mtandao mbaya, mara mtoto analia. Basi wifi yangu Shatha ameniandikia mwenyewe. Ameniambia yale uliyokula kiapo nisiambiwe. Kwamba mlikuwa mnateremka mlima wa kuingia Chake, ukataka kukanyaga breki, mguu ukanasa chini ya usukani, na gari ikaenda kupiga matofali ya mtu. Kwamba Ruweida amepasuka mdomo na jino limetoka. Mama alikuwa mbele, Hamdan. Ingekuwa badala ya matofali ni bonde, leo ningekuwa namwandikia nani?

Na ameniambia jingine ambalo sikulielewa. Kwamba hulali ukanyooka. Kwamba tangu Baba afariki unalala magoti kifuani, na akikunyoosha usingizini unaamka unatweta. Mchana unalalamika gari inakukunja, na usiku unajikunja mwenyewe kwenye kitanda chenye nafasi. Una nini?

Kama unaona tabu kupimwa, sikungoji tena. Kuna Msudani hapa yadi, kijana mrefu kwelikweli, Muntasir anasema mko sawa. Jumamosi nitamlaza chini, nimpime yeye badala yako, na gari itakayomkaa yeye ndiyo nitakayoinunua.

Rahila


Gombani
17 Mei 2024

Dada Rahila,

Nimemwomba jirani Hafiz aliyekuwa anasafiri aje na barua hii mkononi asiiweke kwenye sanduku. Nakuomba kwa haki ya mama yetu, usimpime mtu badala ya mtu. Kama umeshampima, iteketeze hiyo kamba.

Wewe hukuwepo Baba alipofariki, sikulaumu, safari haikuwahi. Unajua kuwa alifia hospitali Unguja na Mama ndiye aliyekuwa naye, na kwamba maiti ililetwa kwa boti hadi Wesha. Yaliyokuwa yakitendeka Mgogoni wakati boti iko njiani hukuambiwa, kwa sababu niliyajua mimi na Ami Haroub, na wale wawili watatu walioshuka kaburini.

Mvua ilikuwa inanyesha. Wachimbaji walitaka kaburi liwe tayari maiti ikifika, isije ikakaa ikingoja, wakaomba kipimo. Kipimo kitoke wapi na mwenyewe yuko baharini? Watu wakatazamana. Ami akageuka akaniona mimi nimesimama mlangoni.

"Njoo wewe," akasema. "Wewe na babako kimo kimoja. Lala hapo kwenye mkeka, maiti hapimwi kasimama."

Nikalala. Dada, nilikuwa mtu wa msiba, ungeniambia niingie kisimani ningeingia. Nikalala chali, mikono ubavuni, macho juu. Ami akaweka ufito kando yangu kutoka utosini mpaka kisiginoni, akaukata kwa panga, akatoka nao. Nilisikia panga lile karibu na kisigino changu. Nilisikia wakiuweka chini huko nje na kuanza kuchimba.

Maiti ikaja. Nikashuka mimi na wenzangu kumpokea. Na Baba alikuwa amepungua. Yale maradhi yalimla, yule siye aliyekuwa akiinamia milango. Tukamlaza ubavu wake wa kulia, tukamweka sawa, na miguuni pakabaki dhiraa nzima tupu. Mmoja ndani ya kaburi, sitamtaja, akasema polepole, "Pamebaki pahala pa mtu." Ami huko juu akamwambia anyamaze. Lakini nilikuwa nimeshasikia.

Lile kaburi si la kimo cha Baba. Ni la kimo changu. Limechimbwa kwa mwili wangu nikiwa hai, na hayo hayawezi kurudishwa.

Tena lipo jingine. Ule ufito Ami aliuchomeka miguuni iwe alama. Ulikuwa mti mbichi wa kwenye ua. Nilipokwenda baada ya mvua za mwaka ule niliukuta una majani. Kila nikienda umezidi, na sasa umenipita. Kwa hiyo siendi. Nikinyooka kitandani nahisi kipo kitu kandoni mwangu, kinanilinganisha. Nikijikunja kinaniacha.

Ndiyo maana sikuleta kamba. Nilijaribu. Shatha alikuja nayo, nikalala sakafuni kama ulivyosema, na alipoigusisha kisigino changu nilimpiga teke mke wangu. Nimemwomba radhi, lakini amelia, na watoto wameona.

Nitaendelea na kigari hiki. Nitakwenda polepole.

Hamdan


Dubai
23 Juni 2024

Hamdan mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Nimesoma barua yako jikoni nimesimama, wali ukaungua. Sikuwa na habari. Miaka miwili nakusikia kwenye simu unasema sote wazima, nami naamini kwa sababu ndiyo rahisi kwangu niliye mbali. Nimekuchukia kidogo kwa kunificha, kisha nikajichukia mimi kwa ile habari ya Msudani. Sikumpima. Alikuwa likizo, alhamdulillah.

Ami Haroub simsemi, mtu mzima, na siku ile kila mmoja alifanya alivyoweza. Lakini huna ruhusa ya kuendelea na kigari kile. Kwenda polepole si breki. Hofu yako ni yako, na jino la Ruweida lilikuwa la Ruweida.

Nimelala nikifikiri, nikaamka na jambo moja, nalisema kama lilivyonijia. Ami alikwambia maiti hapimwi kasimama. Sawa. Na kukaa je? Umewahi kumwona maiti akapimwa amekaa kitako kwenye kiti? Hakuna, tangu dunia iumbwe. Gari nayo haijali urefu wako wa kulala. Muntasir amekubali kuwa alikosea mwanzo, kinachotakiwa hasa ni mtu alivyo kitini. Kutoka unapokalia hadi utosi. Kutoka mgongoni hadi gotini. Kutoka gotini hadi unyayo. Mkono ukiwa umenyooshwa mbele kama umeshika usukani.

Kaa kwenye kiti, Hamdan. Ongea, kunywa chai, cheka na watoto, na apimaye apime. Kamba sitaki, nataka hesabu tu.

Jingine, na hili utanisamehe au hutanisamehe. Nimempigia simu Mama na nimemweleza yote. Ulisema simu ya nyumba hiyo haina siri, basi nimeitumia.

Dada yako akupendaye,
Rahila


Gombani
4 Agosti 2024

Dada,

Salamu za wote. Ruweida anaota jino jipya.

Siri yangu umeipiga spika na jirani wa pili ameisikia. Nilikaa siku tatu sikutaki. Siku ya nne Mama aliniita uani, kiti cha plastiki kimewekwa, yeye ana utepe wake wa cherehani shingoni. Akaniamuru nikae. Nikakaa. Akampa Shatha kikombe cha kahawa anipe, akaanza kunipima huku ananisuta.

Aliniambia, "Mbona hamkuniuliza mie? Miezi mitatu namgeuza babako kitandani, asubuhi na jioni. Kimo chake nakijua kwa mikono hii. Mngenipigia simu pale botini ningewaambia."

Dada, hakuna aliyefikiri kumwuliza. Sote tulikuwa tunatafuta mwanamume wa kulaza kwenye mkeka.

Nikamwambia habari ya ufito. Akasema ufito ulioota si kipimo tena, ule sasa mti, na mti hauna habari na mtu. Nataka kuamini na bado sijaweza, nakwambia kweli.

Kitini hadi utosi, sentimita mia moja na moja. Mgongo hadi goti, sitini na saba. Goti hadi unyayo, hamsini na tisa. Mkono umo nyuma ya karatasi, Mama kauandika mwenyewe. Nilinyooka mgongo muda wote. Kahawa haikumwagika.

Hamdan


Dubai
2 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Amani iwe nanyi. Wanangu wamerudi skuli, joto limeanza kuvunjika, na gari imepatikana. Nakuandikia haraka kwa sababu anayekuja kwenu ananingoja mlangoni.

Tumezunguka yadi nne na zile hesabu zako mkononi. Iliyompendeza Muntasir kwa nje, kichwa chako kingegusa. Nyingine ilikuwa na dirisha la darini, tukaipita. Hii ni ya kijivu, si mpya ya kutoka kiwandani, lakini imetunzwa. Ukikaa unabakiwa na upana wa kiganja juu ya kichwa. Usukani unavutika. Tumekirudisha kiti cha dereva mwisho kabisa, nikakaa nyuma yake mimi mwenyewe na maungo yangu haya, na magoti hayakugusa. Mama ataipanda kwa kibao cha ubavuni bila ya kuinuliwa. Viti vya nyuma vinalazwa vikawa sakafu moja.

Nimefikiri kama niliandike hili la mwisho. Gari ya namna hii huko kwetu haiwi ya mtu mmoja. Watakugongea mlango kwa mgonjwa, na watakugongea kwa maiti. Nadhani ulikuwa unalijua hilo tangu siku ile uliyokataa nyeupe, rangi ya sanda. Sikutaka uje ulione ghafla.

Itashushwa Wesha inshaallah. Nenda kaipokee.

Rahila


Gombani
29 Disemba 2024

Kwa dada Rahila na shemeji Muntasir,

Assalaam alaykum. Mama mzima, Shatha mzima, pacha wamekwaruza mlango wa gari na msumari kabla haijatimiza wiki, upande wa kulia, kwa hiyo mjue imefika. Ahsanteni sana. Msiba wa Ami Haroub mmeusikia kwenye simu, na mmelia nasi. Nilichokificha kwenye simu ndicho hiki.

Niliipokea gari bandarini pale Wesha, palepale tulipompokea Baba. Nilijua itakuwa hivyo na sikulala usiku wake. Ikashushwa, nikapewa ufunguo, nikaingia. Kichwa hakikugonga. Nikanyoosha miguu, ikanyooka. Nikakaa mule ndani nimeshika usukani, machozi yananitoka, mpaka mpakuzi mmoja akaja kuniuliza kama gari ina ubovu.

Ami alifariki hospitali hapahapa Chake, alfajiri, mimi na mwanawe Suhail tuko naye. Hata hatujatoka wodini, simu ya Suhail ikaita, wachimbaji wa Mgogoni. Wanataka kipimo, waanze kabla ya jua kupanda. Nikamsikia yule wa upande wa pili, maana simu ile sauti yake inatoka nje. Akasema, "Suhail, wewe na babako kimo kimoja. Mwambie mtu hapo akupime wewe, itakuwa wepesi."

Suhail akanitazama. Dada, alikuwa ameshaanza kuvua viatu.

Nikamnyang'anya simu. Nikamwambia yule mtu, "Ngoja. Nampima mwenyewe." Utepe wa Mama ulikuwa garini tangu siku nilipopima viti. Nikamtuma Suhail aende akaulete, hasa ili atoke mle ndani. Nikafunua shuka. Ami alikuwa mdogo sana, nami nimemwogopa miaka miwili na nusu. Utepe ulipokuja nikauweka utosini, nikaushusha hadi kisiginoni, nikasoma hesabu mara mbili. Kisha nikamwambia Ami nimemsamehe. Sijui kama inafaa kusemwa pale, lakini nilisema. Nikawapa wachimbaji hesabu yake, yake mwenyewe na si ya mtu mwingine.

Viti vya nyuma vikalazwa. Jeneza likaingia likabakiwa na nafasi. Niliendesha hadi Mgogoni, Suhail ubavuni, Ami nyuma, na kila nilipotaka breki mguu ulikwenda wenyewe. Kaburi lilimkaa sawasawa. Hapakubaki pahala pa mtu.

Watu walipotawanyika nikaenda kwa Baba. Sikuwa nimefika tangu mwaka jana. Ule mti sasa unatoa kivuli, na hakuna binadamu wa urefu ule, mimi wala mwingine. Nikakaa pale miguuni pake, penye ile dhiraa tupu. Nilikuwa naiona yangu siku zote, imewekwa inaningoja. Nikakumbuka zile suruali. Mtu yule miaka thelathini na zaidi aliendesha vigari vya watu, kisha kigari chake, na hata siku moja hakuwahi kukaa pahala pakamtosha. Magoti yake yalikuwa usukanini mpaka tulipompeleka hospitali. Nani kasema nafasi ile ni yangu? Ni ya Baba. Mtu mrefu hupenda kunyoosha miguu.

Sikudanganyi kuwa yamekwisha yote. Juzi niliamka tena natweta. Lakini Shatha ananiambia jana nililala chali mpaka asubuhi, na nyayo zangu zimetoka nje ya kitanda zinaning'inia, pacha wakazichezea nisijue. Sasa anadai kitanda hiki kifupi, na kwamba kuna seremala Wete anatengeneza virefu.

Seremala anataka kipimo. Kesho Shatha atanipima, na safari hii nimemwambia mwenyewe: nitalala.

Ndugu yako,
Hamdan